Namna ya Kukagua Athari za Njia za Malipo Katika Kituo cha Afya

Mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya nchini Tanzania, anayetaka kujua kwa nini foleni haisogei au kwa nini dawa huisha kabla ya wakati, aanze na daftari la mapato kabla ya kuwalaumu watumishi. Fedha zitenganishwe kwa vyanzo: malipo ya papo kwa papo, madai yanayopelekwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, na Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wafadhili, ambao tangu mwaka wa fedha 2017/18 huingiza fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kuzipitisha halmashauri.

Kila chanzo kina kishawishi chake. NHIF hulipia kila huduma iliyotolewa, hivyo kituo hunufaika vipimo vikiongezeka. Kaya ya CHF huchangia kiasi kimoja kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita, nayo haiongezi kitu hata ikiugua kila mwezi, hivyo ni rahisi huduma yake kubanwa. Ili kulipima hilo, mwombe mganga mfawidhi akupangie kwa aina ya malipo, bila majina, wagonjwa wa malaria isiyo kali wa mwezi mmoja, kisha linganisha vipimo na dawa walizopata. Mwongozo wa matibabu ni mmoja kwa wote. Tofauti kubwa itolewe maelezo.

Madai ndiyo yanayostahili muda mrefu zaidi, kwa sababu dai lililokatwa na NHIF ni dawa iliyokwisha kutoka dirishani bila fedha ya kununulia nyingine Bohari ya Dawa. Mhusika wa madai aeleze sababu za makato moja baada ya nyingine: dawa isiyooana na ugonjwa ulioandikwa, sahihi ya mgonjwa iliyosahauliwa, kipimo kisicho na jibu. Makosa ya namna hii (mengi ni ya haraka tu, si ya wizi) hurekebishwa mgonjwa akiwa bado kituoni. Fomu ikisubiri mwisho wa mwezi, hakuna anayekumbuka kilichotendeka.

Wanaopata msamaha, wakiwemo wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano, hawaji na malipo yoyote. Gharama zao ziandikwe kila siku na ziingizwe katika mpango wa mwaka wa kituo, la sivyo mama mjamzito ataendelea kutumwa dukani kununua glavu.