Jinsi ya kukagua Corvette ya 1967 ya kufunua paa kabla hujatoa pesa

Mi ni fundi, kazi yangu kubwa huku Ohio, Marekani, ni hizi Corvette, gari za spoti za Chevrolet, za 1963 mpaka 1967, zile wanaziita Sting Ray, na kila mwaka baridi ikiisha tu simu zinaanza, fundi nimeona convertible inauzwa, wameandika imefanyiwa restoresheni yote, rangi inang'aa, nitume deposit? Usitume. Nenda ukaione kwanza, na ukifika rangi iache, manake kwa hii gari rangi ndo inafunika mengi. Beba tochi kali, kioo kidogo cha mkononi, bisibisi, jeki na stendi zake, na uvae nguo ya kulalia chini.

Hatua ya kwanza ni kuingia chini. Utasikia watu wanasema Corvette haishiki kutu kwa sababu bodi ni faibaglasi, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo, na bodi kweli haishiki, lakini imekalia chesi ya chuma kama gari nyingine yoyote, na huku barabara zinamwagwa chumvi wakati wa theluji. Anzia mbele kidogo ya tairi za nyuma, pale chesi inapopinda kupanda juu, matope na maji yanaingia ndani ya ile chuma na kukaa humo miaka. Gonga na mpini wa bisibisi ukienda taratibu. Chuma nzima inalia, iliyooza inatoa sauti ya kufa. Kuna mteja aliniletea nyekundu moja nzuri sana, ameshalipa yote, nikagonga hapo na bisibisi ikazama ndani, juu walikuwa wamepaka ile rangi nyeusi nzito ya chini ya gari ndo maana hakuona kitu. Ilibidi tunyanyue bodi nzima. Kwa hiyo ukikuta chesi imepakwa kitu kinene kinachonata uliza kwa nini, na uombe kukwangua mahali padogo, mwenye gari nzuri hatakataa.

Ya pili watu wengi hawaijui kabisa na ndo inaniuma zaidi. Ndani ya hiyo faibaglasi kuna fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele na milango, mafundi wa huku wanaiita tundu la ndege. Kwenye gari ya kufunua paa maji yanavuja pembeni ya kioo, yanashuka ndani ya nguzo mpaka miguuni, na huoni chochote ukiwa nje. Fungua kile kipande cha pembeni pale dereva anapoweka mguu wa kushoto, na upande wa abiria hivohivo, ni skrubu tu, mulika ndani uangalie chini ya nguzo. Kutu ya juujuu sio shida, ila ukiona maganda maganda au chuma imekonda kama karatasi, hiyo kazi inaweza kula pesa kuliko injini, mi ningeiacha hata kama bei ni tamu.

Bodi sasa. Ile sumaku mnayotumia kwenye Toyota kutafuta fila, ule ute wa kuziba mabonyeo, hapa haisaidii, faibaglasi haishiki sumaku. Ingiza kioo na tochi ndani ya matao ya tairi uangalie mgongo wa faibaglasi, vipande vya kiwandani vilibanwa kwenye moldi vikatoka laini pande zote mbili, na kwenye maungio kuna mikanda ya faibaglasi imegundishwa kwa nyuma. Ukikuta mgongo una nyuzi nyuzi na umekwaruza ujue hapo palitengenezwa kwa mkono baada ya ajali.

Namba. Mwaka huo wa 1967 kiwanda cha St. Louis kilitoa gari 22,940, kati yake 14,436 za kufunua paa. Kibao cha namba kipo chini ya droo ya dashibodi upande wa abiria, lazima kianze 194677S, hiyo 67 ya katikati ndo inasema ni ya kufunua paa, ikiwa 37 ilitoka kiwandani na paa lisilofunuka. Halafu namba sita za mwisho zinaanzia 100001 na kuishia 122940, ikipita hapo sio ya 1967 hata muuzaji aape. Kisha nenda kwenye injini, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria kuna sehemu bapa imepigwa muhuri, zile namba sita zinatakiwa ziwepo hapo zikitanguliwa na 7, na pembeni tarehe ya kuunganishwa injini na herufi za aina yake, mfano HE ni ile injini ya inchi za ujazo 327, nguvu za farasi 300, yenye gea za mkono. Angalia kama ile sehemu ina mistari myembamba ya mashine, ikiwa laini kama imepigwa msasa basi kuna mtu amefuta akapiga upya. Injini iliyobadilishwa sio dhambi, gari inatembea vizuri tu, ila usilipe bei ya injini ya asili.

Umeme fanya haraka. Faibaglasi haipitishi ethi kwa hiyo kila taa ina waya wake wa kurudi, taa ikiwa hafifu mara nyingi ni huo waya. Washa taa kubwa zigeuke zenyewe na mota, zote mbili, sio moja inasukumwa na mkono.

Mwisho iendeshe, lakini kabla hujatoka toa tairi uangalie kalipa za breki. Diski kwenye tairi zote nne zilikuja 1965 na silinda za kalipa zilikuwa za chuma tupu, zinashika kutu na kuvuja, uliza kama ndani zimewekewa slivu, yaani mirija, za chuma kisichoshika kutu (stenlesi). Nyuma nyanyua gari ushike tairi juu na chini utikise, ikicheza ni beringi za ndani na kuzifungua ni kazi ngumu. Ukirudi kutoka barabarani injini ikiwa ya moto, funga paa lote, fungua, funga tena, angalia mlango unafunga bila kuubamiza huku gari imesimama kwa tairi zake zote.