Namna ya Kumsaidia Mwenzako wa Jimbo Jingine Kuhesabu Makosa kutoka Data za NIBRS

Vituo vya uchambuzi wa takwimu za haki jinai vya majimbo ya Marekani, ambavyo sisi wenyewe huviita SAC, aghalabu huwa na watumishi wachache, kwa hiyo mchambuzi akikwama humpigia simu mwenzake wa jimbo jingine au huomba msaada JRSA, jumuiya inayotuunganisha. Hivi karibuni nilipigiwa simu ya namna hiyo na mchambuzi ambaye idadi yake ya uvunjaji wa nyumba kutoka NIBRS, mfumo wa FBI (shirika la upelelezi la Marekani) unaokusanya taarifa za kila tukio la jinai kutoka idara za polisi, ilikuwa imepanda kupita kiasi. Tatizo lake nililijua, maana liliwahi kunipotezea siku mbili nzima.

Hatua ya 1. Usikubali kutumiwa data halisi. Mwombe mwenzako programu aliyoandika pamoja na matukio machache ya kubuni, kwa kuwa kumbukumbu zinazoweza kumtambulisha mtu, katika kazi inayogharimiwa na ruzuku ya BJS, ofisi ya takwimu za haki ya serikali ya Marekani, zinalindwa na kanuni za shirikisho, 28 CFR Sehemu ya 22.

Hatua ya 2. Soma kila safu kama maandishi. Usifungue mafaili haya kwa Excel hata kwa kuyachungulia tu, kwa sababu hufuta sifuri za mwanzo katika namba za matukio, na ukihifadhi faili hazirudi tena. Mimi natumia R, lugha ya kompyuta ya uchambuzi wa takwimu.

Hatua ya 3. Unganisha majedwali, na hapa usiende mbio. NIBRS huweka makosa, waathiriwa na watuhumiwa katika majedwali tofauti yanayounganishwa na namba ya idara ya polisi pamoja na namba ya tukio. Chukua tukio moja: watu wawili wamevunja nyumba yenye wakazi watatu na kuwajeruhi vibaya wawili kati yao. Aina za makosa ni mbili, kwa namba zake za NIBRS: 220, uvunjaji wa nyumba, na 13A, shambulio la kudhuru vibaya. Ukiunganisha majedwali yote matatu kwa namba ya tukio peke yake utapata mistari 12, ambamo kila kosa linajitokeza mara 6, ilhali jibu sahihi ni mashambulio 2 na uvunjaji 1. Kuondoa mistari inayofanana hakusaidii, kwa kuwa haifanani: kila mmoja una mtuhumiwa au mwathiriwa wake. Dawa ni kuliacha kando jedwali la watuhumiwa, kisha kumwoanisha kila mwathiriwa na namba za makosa zilizoandikwa katika mstari wake mwenyewe, ambazo zinaweza kufika 10. Makosa dhidi ya watu yahesabiwe kwa idadi ya waathiriwa. Uvunjaji uhesabiwe mara moja kwa tukio. Wizi wa magari uhesabiwe kwa idadi ya magari yaliyoibwa. Nilimtumia mwenzangu tukio hilo la kubuni, na programu yake ikatoa mashambulio 6 na uvunjaji 6.

Hatua ya 4. Kabla ya kulinganisha na miaka ya nyuma, kumbuka kwamba FBI iliachana na mfumo wake wa zamani wa muhtasari, uliokusanya jumla za makosa tu, tarehe 1 Januari 2021, na mfumo huo kwa kawaida ulihesabu kosa zito kuliko yote tu katika kila tukio, hivyo katika mfano wetu uvunjaji usingeonekana kabisa. Isitoshe, mwaka huo hata idara za polisi za New York na Los Angeles hazikuwasilisha data za NIBRS. Tengeneza kwanza orodha ya idara zilizoripoti miezi yote 12 katika kila mwaka unaoulinganisha.