SOMO: Chapati za maji za Jumanne kabla ya Kwaresima (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Kila Jumatano ya Majivu inapokaribia, maswali huwa yale yale: vipimo ni vipi, mbona zinashika, mbona ya kwanza hutoka ovyo. Nayajibu hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Tuanze na siku yenyewe, maana ukiielewa hutapotea kwenye mapishi. Jumanne hii huangukia siku 47 kabla ya Pasaka, ndiyo sababu tarehe yake huhama. Mwaka 2027 ni tarehe 9 Februari. Huko Ulaya katika zama za kati, mfungo wa Kwaresima haukukataza nyama peke yake, bali hata mayai, maziwa na siagi. Kwa hiyo siku ya mwisho kabla ya mfungo, kila nyumba ilitoa vilivyobaki, ikavichanganya na unga na kuvikaanga. Chakula hiki kilizaliwa kwa kumaliza vya kabatini, na mimi nakipenda kwa sababu hiyo hiyo. Usihangaike kutafuta vanila wala vikorombwezo vingine.

1. Vipimo. Unga wa ngano gramu 125, mayai 2, maziwa mililita 300, siagi iliyoyeyushwa gramu 25, chumvi kidogo. Zinatoka kama 8 hadi 10 kwenye kikaango cha sentimita 20.

2. Chekecha unga na chumvi, fanya shimo katikati, vunjia mayai humo.

3. Koroga kuanzia katikati huku ukiongeza maziwa kidogo kidogo. Rojo likiwa bado zito, madonge yanasagika. Ukimwaga maziwa yote kwa pamoja, madonge yanaelea na hayakamatiki tena. Yakibaki, pitisha rojo kwenye chujio. Siagi iingie mwisho.

4. Funika, acha dakika 30.

5. Moto. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kisha wanalaumu unga. Weka kikaango kwenye moto wa wastani na uache kipate joto taratibu. Tia kipande kidogo cha siagi, kisha tega sikio. Siagi ina maji ndani yake. Yakianza kutoka utasikia inachachatika na utaona povu jeupe. Ngoja. Povu likitulia na sauti ikififia, maji yamekwisha, na hapo ndipo pa kumimina. Ukiwahi, chapati itachemka badala ya kukaangika: itatoka nyeupe, laini kama kitambaa kilicholowa, na itashika. Ukichelewa, chembe za maziwa zilizomo kwenye siagi zitaungua na kila chapati itakuwa na uchungu. Siagi ikishakuwa ya kahawia iliyokoza, usijaribu kuiokoa: kipanguse kikaango, anza upya.

Angalizo: siagi ni ya kupaka tu. Ipake kwa karatasi ya jikoni iliyokunjwa, vidole vikae mbali. Ikiwa inatembea ukiinamisha kikaango, imezidi. Na kikaango chenye utando wa kuzuia kushika kisiachwe kitupu kwenye moto mkali, utando unaharibika.

6. Inua kikaango, mimina upawa usiojaa, zungusha mara moja rojo lienee. Likibaki tundu, lizibe kwa tone.

7. Ukingo ukikauka na kuanza kujiinua, chungulia chini. Ukiona madoa ya dhahabu, geuza. Upande wa pili hauhitaji hata nusu ya muda wa ule wa kwanza.

8. Panga kwenye sahani iliyokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, funika. Hivyo hata anayepika atakaa mezani na wenzake badala ya kula peke yake mwishoni.

---

MASWALI

Mpishi_Mgeni: Asante kwa somo. Unga kiasi gani?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mama_Pacha: Hivi lazima nisubiri hizo dakika 30? Watoto wana njaa. Na hilo rojo linafanya nini muda wote huo?

Mwandishi: Swali zuri. Mambo mawili yanaendelea. Wanga wa unga unanyonya maziwa na kuvimba, na ule mnato uliojijenga ulipokuwa unakoroga unalegea. Matokeo yake rojo linaenea jembamba bila kujivuta, na chapati haiwi ngumu kama ngozi. Ndiyo maana baada ya kupumzika utalikuta zito zaidi. Ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa. Watoto wakiwa na njaa, koroga usiku uliotangulia, weka kwenye friji, asubuhi likoroge tena. Au anza tu kupika: zitakuwa nzito kidogo, na zitaliwa.

Haraka_Haraka: Nimefuata kila kitu zimeshika zote. Somo lako halifanyi kazi.

Mwandishi: Povu lilikuwa limetulia ulipomimina?

Haraka_Haraka: Povu gani? Mimi nimetumia mafuta ya kupikia.

Mwandishi: Basi hukufuata kila kitu. Mafuta yanafaa, ila hayana povu la kukuongoza. Dondosha tone la rojo: likikaa kimya, ngoja; likichachatika na kuiva papo hapo, mimina; likiwa jeusi mara moja, punguza moto.

Kijana_wa_Historia: Zile mbio za chapati Uingereza zilianzia wapi?

Mwandishi: Za mji wa Olney. Simulizi la hapo ni kwamba mwaka 1445 mwanamke mmoja alikuwa anakaanga, akasikia kengele ya kanisa, akatoka mbio na kikaango mkononi. Mpaka leo wanawake wa mji huo hukimbia na vikaango, na tangu 1950 wanashindana kwa muda na wenzao wa Liberal, jimbo la Kansas, Marekani. Ufaransa wana siku yao, tarehe 2 Februari, siku ya 40 ukihesabu kuanzia Krismasi yenyewe. Wanarusha chapati kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sarafu, ili mwaka uwe na heri. Urusi hula chapati zao wiki nzima kabla ya mfungo, nyingi zikiumuliwa kwa hamira. Na kwa kuwa kuku waliendelea kutaga wakati wote wa mfungo, unaelewa kwa nini Pasaka ilipofika mayai yalikuwa tele.

Mama_Pacha: Hiyo ya sarafu nitawafanyia wanangu!

Mwandishi: Wafanyie, lakini watumie kikaango kilichopoa na chapati iliyokwisha iva. Wakirusha mia moja wakadondosha tisini, hakuna anayeungua.

Bila_Ngano: Mume wangu hali ngano. Tumwache atutazame?

Mwandishi: Hata kidogo. Watu wa Bretagne, eneo la magharibi mwa Ufaransa, wana chapati za unga wa bakwiti, ambao si ngano wala ndugu yake. Huwa za chumvi: jibini, yai, uyoga. Rojo lake halinyooki kama la ngano, kwa hiyo lipe muda mrefu zaidi kwenye friji na ugeuze kwa mwiko bapa, usirushe. Soma pakiti kwanza, maana viwanda vingine husaga bakwiti na ngano kwa mashine moja.

Mpishi_Mgeni: Nimebakiwa na sita. Nizitupe?

Mwandishi: Usitupe! Siku yenyewe ni ya kutotupa. Weka karatasi ya kuokea kati ya moja na nyingine, funga vizuri, zigandishe. Ukizihitaji, chomoa moja moja uipashe kwenye kikaango kikavu. Au zikate vipande vyembamba kama tambi, utie kwenye supu ya moto wakati wa kupakua.

Mpishi_Mgeni: Supu sikuwahi kufikiria. Nitajaribu kesho, na safari hii nimeandika vipimo.