SOMO: Jinsi ya kuandaa siku ya kurusha ndege za rimoti, kuanzia uwanja mpaka mashindano

Wakuu habari za muda huu. Wanachama wapya wameongezeka na maswali ni yale yale, siku ya kurusha inaandaliwaje, nani anasimama wapi, tunacheza michezo gani, na mwenye ndege ya kujifunzia anaruhusiwa kushiriki au anakuja kuangalia tu. Nimeamua niyaweke yote hapa. Msimamo wangu nautoa mapema: siku ya kurusha ipangwe kwa ajili ya yule mwenye ndege ya bei ndogo na vidole vinavyotetemeka. Fundi mwenye jeti ataburudika popote pale, ila mgeni akikalishwa asubuhi nzima kwenye kiti anaangalia wenzake wanavyoruka harudi tena, na chama kisichokuza wapya kinakufa hata kiwe na ndege nzuri kiasi gani.

HATUA YA 1: UWANJA NA RUHUSA

Tafuteni eneo la wazi, mbali na nyumba, nguzo za umeme, barabara kubwa na hasa mbali na kiwanja cha ndege. Shamba lililokwisha vunwa ni zuri kuliko uwanja wa mpira wa mtaani, kwasababu uwanja wa mpira una watoto kila kona na kuwafukuza huwezi, ni kwao pale. Muoneni mwenye eneo, alafu mkajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au serikali ya mtaa, mwambieni siku, saa na idadi ya watu, maana kitu kinachoruka na kupiga kelele kinaleta maswali haraka. Mambo ya anga yako chini ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), vyombo visivyo na rubani ndani vina taratibu zake za usajili na vibali, nendeni mkaulize kwa jina la chama kabla hamjatangaza tarehe. Msiende kila mtu kivyake, chama chenye barua na katiba kinasikilizwa.

HATUA YA 2: KUCHORA UWANJA

Hapa naomba msome taratibu kwasababu usalama wote unaanzia hapa.

Chora njia ya kurukia kwa chokaa. Marubani wote wasimame pamoja kwenye mstari mmoja, kama hatua kumi kutoka ukingo wa njia, wakiangalia upande mmoja. Nyuma yao meza za kuandalia ndege, nyuma zaidi watazamaji na mwisho kabisa magari, mtazamaji asiwe chini ya hatua thelathini kutoka njia ya kurukia. Sheria inakuwa moja tu rahisi: ndege haivuki mstari wa marubani kuja nyuma, haijalishi nani anairusha. Ikivuka rubani anatua, anapumzika, basi.

Mstari uelekee wapi? Asubuhi jua liko mashariki kwahiyo simameni mkiangalia magharibi, jua liwe mgongoni, ukipitisha ndege mbele ya jua unaipoteza kwa sekunde mbili na sekunde mbili zinatosha kuimaliza. Kwa pwani hii inakaa vizuri sana kwasababu njia yako itakuwa imelala kusini kaskazini, na kusi ikivuma au kaskazi ikivuma ndege inapaa na kutua ikikabili upepo bila tabu. Bara inabidi muangalie upepo wa pale pale, chomeka fimbo yenye utepe uwanjani kila mtu aione.

Muda: mafundi wa kuandaa wafike saa 12 asubuhi, ndege ya kwanza ipae saa 1, saa 5 mashindano yawe yameisha. Kadri jua linavyopanda ndivyo hewa ya moto inavyonyanyuka kutoka ardhini na upepo unavyokuwa na fujo, ndege nyepesi ya mwanafunzi inarushwarushwa ovyo. Saa moja asubuhi hewa imetulia, hiyo ni zawadi kwa anayejifunza, msiwape mafundi.

HATUA YA 3: UKAGUZI MEZANI

Kila ndege ikaguliwe na mtu ambaye sio mwenye ndege, mwenyewe ameshaizoea haoni kitu. Angalieni haya:

Transmita (rimoti unayoshika mkononi) inawashwa kwanza, alafu ndio betri ya ndege inachomekwa. Kuzima ni kinyume, betri ya ndege inatoka kwanza. Ukishachomeka betri, ihesabu propela kuwa inaweza kuzunguka muda wowote, hata ikiwa imesimama, vidole na nguo mbali.

Chezesha stiki kulia: eleroni ya kulia (kile kipande kinachocheza nyuma ya bawa) lazima ipande na ya kushoto ishuke. Vuta stiki kwako, eleveta ya mkiani inapanda. Inaonekana jambo dogo ila ndege nyingi zinaanguka sekunde tano baada ya kupaa kwasababu waya wa sevo (kimota kidogo kinachochezesha vipande hivyo) ulichomekwa kinyume baada ya matengenezo.

Mizani: nyanyua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, kama robo mpaka theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikilala sawasawa au ikiinamisha pua kidogo ni sawa. Ikiinamisha mkia hairuki leo, sogeza betri mbele.

Masafa: weka transmita kwenye hali ya kujaribia masafa, ile inayopunguza nguvu, rudi nyuma hatua thelathini hivi au kadri kitabu chake kinavyosema, kila kitu kiendelee kutii. Alafu zima transmita ndege ikiwa imeshikwa vizuri, mota lazima izime yenyewe. Isipozima seti upya risiva (kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za transmita). Rimoti za siku hizi za 2.4 GHz zinajitafutia njia zenyewe kwahiyo watu kadhaa wanaruka bila kugombana, ila mwenye rimoti ya zamani ya 35 au 72 MHz ajiandikishe chaneli yake kwenye ubao na ashike kibanio chake (alama kwamba chaneli hiyo ina mtu), watu wawili wakiwa chaneli moja ndege inaanguka na hakuna wa kuiokoa.

Betri za lipo (lithiamu polima) zinahitaji heshima. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, kwahiyo pakiti ya seli tatu ni 12.6, usizidishe. Usiimalize yote hewani, weka saa ya kengele kwenye transmita na utue pakiti ikiwa bado na kama asilimia 20. Ukirudi nyumbani usiiache imejaa wiki nzima, irudishe kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli. Chaji kwenye meza iliyo mbali na magari, pawe na ndoo ya mchanga, na asiondoke mtu. Betri iliyovimba au iliyopigwa kwenye ajali inakaa nje, kwenye mchanga, haiingii kwenye buti la gari ya mtu.

HATUA YA 4: MAELEZO YA ASUBUHI

Dakika kumi, wote. Msimamizi wa mstari atajwe na yeye siku hiyo harushi, macho yake ni ya uwanja. Ndege zisizidi nne hewani kwa pamoja. Maneno ya kupaza sauti ni manne: "Napaa!", "Natua!", "Niko uwanjani!" kwa anayeingia kuokota ndege, na "Imezima!" kwa ambaye mota imekufa hewani. Huyu wa mwisho ana haki ya njia kuliko wote, wengine mnapanda juu au mnasogea. Na ikisikika ndege ya kweli au helikopta inakuja, hakuna mjadala, wote mnashuka chini na kutua.

HATUA YA 5: MICHEZO

Sasa utamu. Chagueni michezo ambayo ndege ya kujifunzia inaweza kushinda, ipo mingi.

Namba moja kwangu ni kukisia muda. Rubani anaambiwa apae, azunguke mara mbili, atue, jumla sekunde 90, bila saa yoyote, na kengele ya transmita imezimwa. Aliye karibu zaidi na 90 ndio mshindi. Jeti haina faida yoyote hapa, tena inaumia kwasababu ni ngumu kuipunguza mwendo, wakati ndege ya bawa la juu (bawa limekaa juu ya mwili) inaelea yenyewe na mwenye nayo anahesabu kimoyomoyo. Watazamaji nao wanapenda kwasababu wao saa wanaiona na rubani haoni, kelele za uwanja mzima zinaanza sekunde ya 80.

Namba mbili, kutua kwenye duara. Chora duara la chokaa, mota izimwe kabla ya kugusa chini, pima kutoka pua ya ndege iliposimama mpaka katikati. Ongezeni sharti kwamba ndege ibaki nzima, propela ikivunjika ni sifuri, bila hilo sharti watu wataanza kuzichomeka ardhini. Mchezo huu unafundisha kutua bila mtu kujua anafundishwa.

Kugusa na kupaa: nani anagusa magurudumu chini mara nyingi zaidi ndani ya dakika mbili. Kikombe: unabandika kikombe cha plastiki juu ya ndege, unaweka mpira mdogo wa tenisi ya meza, unapaa nao alafu unaupindua juu ya shabaha. Kupita chini ya utepe uliofungwa kwenye miti miwili ni mtamu ila tumieni mabomba mepesi ya plastiki na utepe wa karatasi, na uwekwe mbali na mstari. Kukatana mikia ya karatasi hewani ni kwa ndege nyepesi za fomu (foam, lile povu gumu) tu na kwa watu waliokwisha zoea, mwaka wa kwanza wa chama achaneni nao.

Katikati ya michezo tengeni saa nzima ya wanafunzi. Transmita mbili zinaunganishwa, mwalimu na mwanafunzi, mwalimu akiachia swichi ndege inarudi mikononi mwake. Ndege ipande juu kwanza, juu ndio kuna muda wa kurekebisha. Na wapeni hii inayosaidia kuliko maelezo marefu: ndege ikija kukuelekea na bawa moja limeshuka, sukuma stiki upande wa bawa lililoshuka, itanyooka. Kichwa kinachanganyikiwa kulia na kushoto ikigeuka kuja kwako, hii inaondoa mkanganyiko.

HATUA YA 6: KUFUNGA NA MIEZI YA MVUA

Okoteni kila kipande cha fomu na kila propela iliyovunjika, mwenye shamba akikuta plastiki kwenye majani ya ng'ombe wake hamrudi pale. Wekeni meza ya kubadilishana vifaa, sevo moja uliyonayo kabatini inamrudisha mwenzio hewani.

Masika chama kisilale. Ndio miezi ya kujenga pamoja, bodi za fomu, gundi ya moto, wembe, na programu ya kujifunzia kurusha kwenye kompyuta, mtu anaweza kuangusha ndege mia pale bila kununua hata propela moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: Mkuu asante kwa somo. Nataka kununua ya kwanza na moyo wangu uko kwenye zile ndege za vita, unashauri?

Jibu: Subiri kidogo kaka. Anza na bawa la juu, fomu, urefu wa bawa mita moja mpaka moja na nusu, mota isiyo na brashi. Ndege za vita nyingi zina bawa la chini na zinataka mwendo, ukipunguza sana bawa moja linaanguka ghafla na uko karibu na ardhi. Ukishazoea kutua duarani mara tatu nne, hiyo ya vita utaifurahia zaidi.

Mwanachama wa Arusha: Huku ndege ile ile iliyokuwa inapaa vizuri Dar inakimbia sana kabla ya kunyanyuka, shida ni mota?

Jibu: Hapana mkuu, ni hewa. Arusha mko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kulinganisha na pwani. Bawa linahitaji mwendo zaidi kubeba uzito ule ule na propela nayo inashika hewa kidogo. Punguza uzito usio wa lazima, jaribu propela kubwa kidogo huku ukipima joto la mota ukitua, na ongeza urefu wa njia ya kurukia. Kutua pia uje na mwendo zaidi.

Mama mwanachama, Dar: Naomba kuuliza, mwanangu ana miaka 9 anapenda sana ila naogopa propela.

Jibu: Dada mlete. Tuna mashindano ya ndege za fomu za kurusha kwa mkono, hazina mota kabisa, anajenga mwenyewe na kuipima inakwenda hatua ngapi. Akielewa kwanini kuweka sarafu puani kunaifanya iende mbali ameshaelewa mizani. Baadae atakaa kwenye transmita ya mwanafunzi na mwalimu pembeni, propela ashike mtu mzima.

Mwanachama wa Morogoro: Ikiangukia kwenye mahindi marefu tunaipataje? Mwezi uliopita tulitafuta mpaka jioni.

Jibu: Usiondoke uliposimama! Kosa kubwa ni wote kukimbilia kwenye mahindi. Rubani abaki pale pale macho yameelekea alipoiona mara ya mwisho, achague mti au kilima nyuma ya hapo kama alama, mwingine aende akiongozwa kwa simu. Zima stiki ya mota kabisa, alafu chezesha eleroni, sevo zinalia na ukikaribia utazisikia. Mota usiiguse, propela ikiwa imebanwa na mabua inaunguza waya na inaweza kuwasha moto.

Mwanachama wa Dar: Na kunguru je? Kwetu wanakuja kundi zima.

Jibu: Usiwafukuze na ndege, propela inaua ndege hai na yako inaanguka pia. Sogea upande mwingine wa uwanja au tua upumzike dakika kumi. Mwewe naye akianza kuzunguka juu yako fanya hivyo hivyo. Na msiache mabaki ya chakula uwanjani, mihogo ya kukaanga na chipsi ndio zinawaita.

Mwanachama wa Dodoma: Wenye droni tunaruhusiwa siku hiyo?

Jibu: Karibuni, ila muda wenu peke yenu. Droni inasimama hewani na ndege haiwezi kusimama, mkichanganywa mtagongana. Tuandikie mapema tuwapangie baada ya saa ya wanafunzi, na ukaguzi wa mezani ni ule ule.