Umbo kwanza, ukweli baadaye: jinsi ya kukagua hoja ya dedaksheni

Hoja ni ya dedaksheni pale ambapo, kauli za msingi zikiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa uongo. Haileti habari mpya. Inatoa kilichokwisha kufungwa ndani ya kauli zenyewe.

Tuseme taa zimezimika nyumbani usiku. Andika kanuni yako yote, usiiache kichwani: "Kama umeme umekatika mtaa mzima, taa ya jirani haiwaki." Chungulia nje: taa ya jirani inawaka. Kwa hiyo umeme haujakatika mtaa mzima. Tafuta tatizo ndani, kwenye LUKU au swichi kuu. Sehemu ya pili ya kanuni imekanushwa, ya kwanza ikaanguka nayo. Njia nyingine salama ni kuthibitisha sehemu ya kwanza: ukishajua umeme umekatika mtaa mzima, ya jirani huna haja ya kuichungulia.

Kosa linalonasa wengi ni kuigeuza kanuni: "Taa ya jirani haiwaki, kwa hiyo umeme umekatika mtaa mzima." Jirani huenda amelala, au LUKU yake imeisha. Kanuni haikusema kukatika kwa umeme ndiyo sababu pekee. Ili kulinasa kosa hili, buni hali moja tu ambayo kauli zote ni kweli lakini hitimisho ni uongo. Ukiipata, umbo la hoja, yaani namna kauli zinavyofungwa na hitimisho, ni bovu, hata kama hitimisho limetokea kuwa sahihi.

Umbo likipita ndipo ukague ukweli wa kauli. Jirani akiwa na sola, kanuni yetu ya mwanzo si kweli, na hitimisho linakosa nguvu ijapokuwa umbo ni safi. Ibane kanuni: "taa ya jirani asiye na sola wala jenereta". Ukaguzi huu wa aina mbili usiuchanganye kamwe.

Jipime kwa zoezi alilolitoa mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason mwaka 1966. Kadi nne zina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona E, K, 4 na 7. Kanuni: kadi yenye irabu ina namba shufwa nyuma yake. Ugeuze zipi ili kujua kama kanuni ni kweli?

Wengi huchagua E na 4. Lakini 4 haiwezi kuivunja kanuni, kwa sababu konsonanti nayo inaruhusiwa kuwa na shufwa. Geuza E na 7: irabu ikitokea nyuma ya 7, kanuni imevunjika.