Kubadilisha ELCB ya zamani kwa RCD kwenye nyumba kongwe

Ukiingia kwenye nyumba kongwe za Mji Mkongwe, iwe Shangani, Malindi au Kiponda, usishangae kukuta karibu na mita kisanduku cheusi chenye kitufe cha kujaribia, na mwenye nyumba akakwambia kwa kujiamini: "Sie tunayo kinga tokea zamani, fundi." Kinga ile ikiwa ni ELCB, yaani kikata umeme cha zamani kinachotegemea ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), huenda isimwokoe mtu. Mwongozo huu ni wa fundi anayekwenda kuibadilisha kwa RCD, kikata umeme cha kisasa kinachoshtuka umeme ukivuja. Mwenye nyumba na asome ajue cha kumdai fundi, lakini bisibisi asiishike.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Fuata nyaya. Kifaa kinachopitisha laivi na nyutro tu, na kimeandikwa 30 mA au 0.03 A, ni RCD. Ukiona pia nyaya mbili za ethi zimefungwa kwenye skrubu zenye herufi F na E, hiyo ni ELCB ya volteji. F inapokea ethi ya nyumba nzima, E inakwenda kwenye ethi rodi, na katikati yake pana koili. Bodi ya friji ikishika umeme wa kiasi cha volti 50, koili inavuta na kukata.

Ubovu wake uko hapo hapo. Mtoto aliye pekupeku akigusa waya uliochubuka, umeme unapita mwilini mwake kwenda ardhini bila kuigusa koili. Bomba la chuma likigusana na bodi ya hita, sehemu ya umeme inashukia huko na koili inaambulia kidogo. Waya wa ethi ukikatika, hakuna dalili yoyote. RCD haijali njia: inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika 30 mA inakata ndani ya milisekunde 300.

Hatua ya 2: Pima waya kabla ya kununua chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa, halafu RCD inalaumiwa.

Zima meni swichi, thibitisha kwa mita ya volti (testa ya bisibisi siiamini), na kumbuka kwamba waya unaotoka kwenye mita bado una moto. Muhuri wa mita usiukate. Kama kazi inafika huko, ZECO (shirika la umeme la Zanzibar) waje wazime wenyewe.

Fungua swichi moja na soketi moja. Waya wa zamani wa mpira uliovikwa kitambaa ukunje kidogo: ukipukutika, hapo hapana mjadala, nyumba inataka waya mpya. Rangi nazo zisikuchanganye. Zamani nyekundu ni laivi na nyeusi ni nyutro. Siku hizi ni kahawia na buluu. Ukikuta zote mbili nyumba moja, pima kila waya, usikisie.

Kisha chomoa vifaa vyote, toa balbu, washa swichi za taa, na upime kwa mega (kipima uvujaji wa waya) ya volti 500: laivi na nyutro zikiwa zimeunganishwa pamoja, dhidi ya ethi. Sakiti iliyo chini ya megaomu 1 itafutiwe dawa. Kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu, na chumvi ya bahari inazidisha uvujaji, kwa hiyo anza na waya uliofukiwa ukutani upande wa chooni na jikoni.

Hatua ya 3: Funga

Chagua RCD ya 30 mA ya aina A, kwani mashine za kufulia na kiyoyozi cha inveta zinaweza kuipumbaza aina AC. Ampea zake zisipungue zile za meni. Pesa zikiruhusu, weka moja ya soketi na nyingine ya taa, friji likivuja usiku watu wasishuke ngazi gizani.

Ukishaitoa ELCB, waya wa F na waya wa E lazima viunganishwe kwenye baa moja ya ethi. Ukiuacha wa F unaning'inia kwa kuwa RCD haina pa kuufunga, nyumba nzima imebaki bila ethi. Hili nimelikuta mara nyingi, na kitufe cha kujaribia hakitakwambia kitu, maana hakipimi ethi.

Ethi rodi isizidi omu 200. Kihesabu (volti 50 kugawanya kwa 0.03 A) 30 mA inavumilia hadi omu 1,666, lakini ardhi ya mawe ikikauka wakati wa jua kali kipimo hupanda. Maliza kwa kipima RCD.

Hatua ya 4: Ikikata

Zima breka zote. Kama bado inakata, nyutro imegusana na ethi mahali. Toa nyutro moja moja kwenye baa yake mpaka itulie. Kama inakata taa ya ngazini tu ikiwashwa, basi laivi inatoka sakiti moja na nyutro imeazimwa kwa jirani wa juu, jambo la kawaida nyumba ikigawiwa warithi. Kila sakiti irudishiwe nyutro yake. Wakikwambia uiruke RCD kwa waya, kataa hata kama watamwita fundi mwingine.

Na ikiwa inakata kila mvua ya masika ikinyesha, anza na taa ya nje na pampu ya kisima.