Kupanda hanisako na kuizalisha mwenyewe nyumbani

Mche mmoja wa hanisako (honeysuckle, mmea wa jenasi Lonicera wenye maua, unaopanda kwa kujisokota) unatosha kukupa miche ya bustani nzima, mradi ujue pa kulikatia tawi na pa kulilaza. Mmea huu unataka kuzaliana. Kazi yako ni kuuelekeza.

Hatua ya 1: Jua unapanda ipi

Hapa usiharakishe. Lonicera japonica, yenye asili ya Asia Mashariki, hufungua maua meupe yanayogeuka manjano, hivyo utaziona rangi zote mbili kwenye tawi moja. Inanukia vizuri na haichagui udongo. Lakini Marekani, Australia na Nyuzilandi imetoroka bustanini ikafunika miti ya porini, kwa sababu ndege hula matunda yake meusi na kusambaza mbegu, na matawi yake hutoa mizizi yanapogusa ardhi. Kama unaishi karibu na msitu au mto, nakusihi usiipande.

Lonicera periclymenum ya Ulaya hunukia zaidi jioni, saa ambazo nondo huja kutafuta nekta. Lonicera sempervirens, ya kusini-mashariki mwa Marekani, ina maua mekundu mazuri mno, ila harufu yake ni hafifu sana. Mimi ningechagua ya Ulaya kwa dirisha la chumba cha kulala.

Matunda ya hanisako nyingi yana sumu. Wakanye watoto wasiyaonje.

Hatua ya 2: Panda

Hanisako hupenda kichwa kiwe juani na miguu iwe kivulini. Chimba shimo lenye kina sawa na chungu cha mche na upana mara mbili, kisha changanya mboji kwenye udongo ulioutoa. Ukiipanda kando ya ukuta, iache mbali kiasi cha sentimita 30 hadi 45, maana udongo wa chini ya ukuta hukauka upesi. Tandaza matandazo, yasiguse shina.

Mmea huu haushiki ukuta. Hupanda kwa kujisokota. Funga waya ulioachana kidogo na ukuta ili shina lipate pa kuzunguka. Usiuelekeze kwenye mti mchanga, utaukaba.

Hatua ya 3: Zalisha kwa kulaza tawi

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa anayeanza, kwa kuwa tawi linaendelea kulishwa na mama yake hadi liwe na mizizi yake.

Chagua tawi refu linalopindika bila kuvunjika. Chimba mfereji wa sentimita 5 hadi 10. Tafuta kifundo, yaani pale majani mawili yanapotokea yakitazamana, uondoe majani hayo na ukwaruze gome kidogo upande wa chini. Laza kifundo mferejini, kibane kwa waya uliokunjwa, funika kwa udongo, kisha simamisha ncha ya tawi kwa kijiti. Udongo usikauke kabisa. Baada ya miezi kadhaa livute taratibu: likikataa kutoka, limeshika. Likate kutoka kwa mama, liache palepale wiki mbili tatu lizoee kujitegemea, ndipo ulihamishe.

Hatua ya 4: Au tumia vipandikizi

Kata asubuhi, wakati matawi yamejaa maji. Chukua chipukizi lisilo na maua, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, na ukate chini kidogo ya kifundo. Bakiza jozi moja au mbili za majani ya juu. Changanya mchanga wa chembe kubwa na mboji nusu kwa nusu, toboa kwa kijiti, chomeka, mwagilia, kisha funika kwa mfuko wa plastiki usiogusa majani. Weka penye mwanga, lakini si jua kali.

Mizizi huchukua wiki 4 hadi 6 hivi. Jani jipya lisikudanganye: kipandikizi huweza kuchipua kwa akiba iliyomo shinani kabla ya kuwa na mzizi hata mmoja. Subiri uione mizizi kwenye matundu ya chungu.

Mbegu pia huota, ila nyingi huhitaji miezi miwili au mitatu ya baridi kwenye mchanga wenye unyevu, na miche ya chotara haitafanana na mama.

Hatua ya 5: Pogoa kwa wakati wake

Ile ya Ulaya huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo ipogoe mara maua yanapoisha. Japonica huchanua kwenye matawi mapya. Ikate kabla haijaanza kuchipua. Vidukari kwenye ncha changa waondoe kwa maji ya kasi. Ukungu mweupe juu ya majani mara nyingi ni dalili kwamba mizizi ina kiu: mwagilia shinani, kisha punguza matawi yaliyosongamana ili hewa ipite.

Mmea mkongwe uliojaa matawi makavu chini ukate hadi sentimita 60 kutoka ardhini, kabla ya msimu wa kukua. Utachipua upya, ingawa msimu huo huenda usipate maua.